Maskini, mwenye nacho na kizimba: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mbeya na Iringa

Maswali haya nimeyaokota katika kazi ya usaidizi wa kisheria, kuanzia vibaraza vya Mwanjelwa na Ilomba hadi mikutano ya vijiji vya Pawaga. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti. Mengine huja mkutano ukishaisha, mtu akikusindikiza hadi kwenye bodaboda, na hayo ndiyo mazito. Majibu ni ya jumla. Kesi yako ina mambo yake.

Je, wizi unazaliwa na umaskini?

Anayeuliza hili mara nyingi ana jibu lake tayari. Ningemkubalia kama wezi wangekuwa wengi zaidi kule ambako watu hawana kitu. Nenda kijiji cha ndani Makete au Ileje: shida zipo, lakini mlango unafungwa kwa kamba na jembe linalala shambani. Kisha njoo Mwanjelwa, Makambako au Tunduma, ambako noti zinabadilishana mikono mchana kutwa, uone nondo madirishani na vipande vya chupa juu ya kuta. Wizi unapenda mahali ambapo mwenye nacho na asiye nacho wanaonana kila siku, na asiye nacho haoni njia ya halali ya kumfikia mwenzake.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2002 watafiti Pablo Fajnzylber, Daniel Lederman na Norman Loayza walilinganisha nchi nyingi wakakuta kwamba pengo la kipato linapopanuka, mauaji na unyang'anyi navyo huongezeka. Kwetu, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Na umaskini wa Nyanda za Juu Kusini una sura ya ajabu. Iringa inalima mahindi ya kulisha nchi, lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Magunia yanapanda lori usiku, mtoto wa mkulima anabaki na ugali mtupu. Kama ufukara peke yake ungezaa majambazi, Iringa ingekuwa haipitiki.

Halafu kuna jambo ambalo waulizaji husahau: anayeibiwa naye kwa kawaida ni maskini. Tajiri ana ukuta, mbwa, mlinzi na bima. Mkulima wa Usangu aliyeibiwa pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) aliyoinunua kwa kuchangishana na shemeji zake hana kitu cha kumrudishia msimu.

Wazee wa Isimani husema mambo haya si ya leo. Wana maana gani?

Wanamkumbuka Mwamwindi. Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ilikuwa nchi ya mahindi ya biashara: wachache wenye trekta na ekari nyingi, na nyuma yao vibarua wasio na shamba. Ujamaa ulipofika, ulikuja kuvunja hilo pengo. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alimkuta mkulima Said Mwamwindi shambani kwake huko Mkungugu. Wakatibuana, Mwamwindi akampiga risasi akafa. Akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini. Alihukumiwa kunyongwa.

Hadi leo ukikaa kwenye kilabu cha ulanzi utasikia pande zote mbili, na wote wanasimulia kama vile walikuwepo. Mimi huikumbusha habari hii kwa sababu moja. Mwamwindi hakuwa fukara. Uhalifu unaotokana na pengo la mali haufanywi na walio chini tu. Aliye juu naye hushika bunduki akiona anateremshwa.

Dhamana ni bure. Mbona sisi tunalipa?

Ni bure. Kituoni wamebandika karatasi ukutani inayosema hivyo, na wakati mwingine unaisoma huku ukiombwa "hela ya mafuta" chini yake. Ukiombwa, piga 113, ni namba ya TAKUKURU. Najua wengi hawapigi, kwa kuwa ndugu yao bado yuko ndani na hawataki kumwudhi afande. Siwalaumu.

Hata pasipo rushwa, dhamana ina gharama zake. Polisi wanatakiwa wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Hapo hakimu anataja masharti, kwa kawaida wadhamini wawili wanaoaminika, barua ya mtendaji, vitambulisho, na kusaini bondi ya kiasi fulani. Ukiwa mwalimu, wadhamini wako wako ofisi ya pili. Ukiwa kijana uliyekuja kubeba mizigo Kabwe kutoka Rungwe miezi mitatu iliyopita, mwenyekiti wa mtaa hakujui, barua huipati, na rafiki yako wa karibu naye hana kitambulisho. Hakimu hajakunyima dhamana. Amekupa, umeshindwa kuichukua, na jioni unapanda karandinga kwenda gereza la Ruanda.

Masharti yanapotaka mali isiyohamishika, mambo huwa magumu zaidi, maana nyumba nyingi za mitaa yetu ya mabondeni na milimani hazina hati. Ushauri wangu ni huu: mwambie hakimu pale pale, kwa heshima, kwamba sharti hilo huliwezi, na useme unaweza lipi. "Mheshimiwa, sina mdhamini mwenye nyumba, ninaye mjomba mwenye hatimiliki ya kimila ya shamba." Masharti yanaweza kulegezwa. Wengi hunyamaza kwa hofu wakidhani kuomba ni kubishana. Mwanamke mmoja wa Uyole aliniambia alinyamaza kwa sababu karani alikuwa ameshafunga faili. Mtoto wake alikaa ndani wiki tano kwa kosa la simu ya kitochi.

Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inaiagiza mahakama kutenda haki kwa wote bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Nanukuu ibara hiyo mara nyingi, na huwa nasikitika kidogo ninapofika kwenye neno "kiuchumi".

Mdogo wangu yuko mahabusu. Kila tukienda, kesi "inatajwa" tu. Kutajwa ni nini?

Ni kuitwa jina, kuonekana kwamba upo, na kupangiwa tarehe nyingine kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Tangu marekebisho ya 2022, sheria inazuia kumfungulia mtu mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Tatizo linabaki hapo kwenye makubwa. Mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana kabisa. Mwananchi mmoja alilipinga hilo Mahakama Kuu akashinda Mei 2020. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wake.

Kwa hiyo kazi ya familia ni kuhudhuria. Mshtakiwa anayeonekana ana watu hasahauliki haraka. Lakini kuhudhuria ni nauli, na siku ya nauli ni siku isiyo na kibarua. Nimeona familia ya Chunya ikianza na watu sita mahakamani, mwishoni akabaki mama peke yake na kitenge chake.

"Faini laki tatu au jela miezi sita." Hiyo ni adhabu moja kwa wote?

Kwa karatasi, ndiyo. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa kima hicho, mchuma chai wa Mufindi akipigwa laki tatu amepigwa zaidi ya miezi miwili ya jasho bila kula. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga anailipa akiwa bado anaongea na simu. Mmoja amepata usumbufu, mwenzake amepata kifungo, na kosa ni lile lile.

Finland walishughulika na hili tangu 1921: faini ya huko huhesabiwa kwa siku za kipato cha mkosaji, na mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya simu alitozwa euro 116,000 kwa mwendo kasi, ingawa baadaye ilipunguzwa. Sisi hatujafika huko, ila tumegusa kidogo. Faini ya barabarani ilikuwa 30,000 kwa kila chombo, lori la Zambia na bodaboda ya Soweto ya hapa Mbeya sawasawa, mpaka Julai 2021 ilipoteremshwa kuwa 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Ni hatua ndogo, lakini waulize madereva wa bajaji wa Mafiati kama hawakuiona.

Ukihukumiwa faini huna, omba muda wa kulipa kabla hakimu hajainuka. Na kwa vifungo vifupi, uliza habari za huduma kwa jamii. Sheria yake ipo tangu 2002 na wengi wanaostahili hawajawahi kuisikia.

Mume wangu amekutwa na nyama ya swala. Kweli anaweza kufungwa miaka 20?

Kweli, mama. Nyama ya porini bila kibali ni nyara za serikali, na kosa hilo limeingizwa pia kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984. Vifungo huanzia miaka 20.

Hapa ndipo ninapokosa usingizi. Sheria ya 1984 ilizaliwa baada ya kampeni ya 1983 ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya walanguzi walioficha sukari, sabuni na fedha. Iliandikwa kwa ajili ya watu wenye maghala. Leo, ukisoma orodha ya kesi za wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Ruaha, mhujumu uchumi ni mwanamume wa Idodi mwenye paja la mnyama ndani ya kiroba. Hifadhi ina haki ya kulindwa, nami naamini hivyo. Ujangili wa tembo uliofanyika Ruaha ulitutia aibu. Ila anayenunua pembe hakamatwi na kiroba.

Jirani na hapo kuna Usangu. Wafugaji waliondolewa Ihefu, bonde oevu la huko, mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mtu aliyezaliwa akichunga mahali akaamka siku moja akawa mvamizi, bila yeye kusogea.

Cha kufanya: asikiri kwa kuahidiwa kwamba "ukikubali utaachiwa". Kwenye makosa haya kukiri hakukuachilii.

Nimeshindwa kulipa kausha damu, mkopo wa riba kali, mkopeshaji amenipeleka polisi. Deni ni jinai?

Deni ni madai. Polisi hawakusanyi madeni, na mkopeshaji wa kweli anapaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ukiitwa kituoni, uliza kwa upole unashtakiwa kwa kosa gani.

Wakopeshaji hawa lakini si wajinga. Wanajua deni halimweki mtu ndani, kwa hiyo wanaligeuza sura. Unasainishwa hati inayosema umeuza friji au kiwanja, wala neno mkopo halimo. Ukichelewa, hilo friji "lao" umekataa kulitoa, na hapo wanadai umejipatia fedha kwa udanganyifu, ambalo ni kosa la jinai kweli. Nimeona mwalimu aliyetoa kadi ya benki na namba ya siri, akawa anapokea mshahara kwa huruma ya mtu mwingine. Nimeona mama wa Kihesa aliyebebewa cherehani mchana kweupe bila amri yoyote ya mahakama, majirani wakidhani vijana wale ni madalali wa serikali.

Basi, usisaini hati ya mauzo kwa ajili ya mkopo, hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Tunza kila ujumbe wa malipo kwenye simu. Wakija kubeba vitu, waombe amri ya mahakama na umwite mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Hata mahakama yenyewe, inapokamata mali ya mdaiwa, hairuhusiwi kuchukua zana zake za kazi, na cherehani ya fundi ni zana ya kazi.

Upande wa pili uangaliwe pia: mwenye kampuni anayedaiwa mamilioni na benki hapelekwi kituoni asubuhi. Anaitwa mezani, wanapanga upya marejesho, wanakunywa chai.

Kuzurura ni kosa?

Waingereza waliiacha kwenye Kanuni ya Adhabu, na kwa miaka mingi imetumika kuwazoa vijana vijiweni usiku. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha hapa hapa kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinaadhibu hali ya mtu badala ya tendo lake. Ukikamatwa, taja ulikuwa unakwenda wapi na kwa nani. Usikubali tu ili yaishe.

Wamachinga wana hadithi ndefu zaidi. Novemba 2011 Mwanjelwa iliwaka kwa vurugu kati yao na polisi baada ya kuondolewa barabarani. Mtu akikwambia ulikuwa uhuni tu, muulize genge la nyanya linalolisha watu saba lilipaswa kwenda wapi asubuhi ile.

Mbona matajiri hawafungwi?

Wanafungwa, ila wana milango zaidi ya kutokea. Mwaka 2019 sheria iliruhusu makubaliano ya kukiri kosa baina ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka. Septemba mwaka huo Rais Magufuli aliwapa washtakiwa wa uhujumu uchumi siku saba wakiri, warudishe fedha, watoke. Wakatoka wengi. Mwenye cha kurudisha alitoka. Mtu wa kiroba cha nyama angerudisha nini?

Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli. Mwandishi Daudi Mwangosi alipouawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012 mbele ya kikosi cha polisi, watu walisema hakuna atakayeguswa. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja, na aliyekuwa wa cheo cha chini, lakini alifungwa. Na malalamiko ya kubambikiwa kesi hayamo vijiweni tu. Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyaandika kwenye ripoti yake ya 2023.

Mwizi wa kuku anachomwa moto, aliyekula fedha za ushirika anasalimiwa shikamoo. Kwa nini?

Wananchi wenye hasira kali hawana hasira na kila mtu. Wanampiga wanayeweza kumpiga. Aliyekula fedha za kahawa Mbozi ana gari, ana shemeji halmashauri, na huenda ndiye aliyechangia bati za kanisa.

Sababu nyingine ni dhamana, hiyo hiyo niliyoieleza juu. Watu wanamkabidhi mwizi polisi Ijumaa, Jumatatu wanamwona anakunywa komoni, wanasema amehonga. Pengine amehonga. Pengine amedhaminiwa tu na kesi inaendelea, lakini hakuna aliyewaeleza. Ninapoeleza hili kwenye mkutano, mzee mmoja hakosi kuinuka na kusema: "Mwanangu, wewe hujaibiwa." Ana hoja. Ila ajue kwamba kumuua mwizi ni mauaji, kosa lisilo na dhamana, na aliyeshika tairi anashtakiwa sawa na aliyewasha kiberiti.

Mtoto wa miaka 14 ameiba, atakwenda Ruanda?

Hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kupewa kifungo. Mbeya kuna mahabusu ya watoto, na wenye hukumu hupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo. Nenda na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki mapema. Mtoto mrefu asiye na karatasi huandikwa miaka 18 upesi sana.

PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, inauzwa?

Haiuzwi.

Sina hela ya wakili. Nifanye nini?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria kama sisi, na huduma kwa asiye na uwezo ni bure. Kesi ya mauaji hupewa wakili kwa gharama za serikali. Uliza pia mawakili wa Chama cha Mawakili Tanganyika, na vyuo vinavyofundisha sheria: Mzumbe kampasi ya Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari, majaji na mahakimu hukaa kwenye mahema kujibu maswali, nenda, hawang'ati. Jihadhari na vishoka wanaovaa tai nje ya geti. Muulize wakili namba yake ya uwakili, akianza kukasirika umeshapata jibu.

Kuhusu rufaa: kutoka Mahakama ya Mwanzo una siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwa kesi ya jinai, taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya 45. Aliyeko gerezani hupeleka kupitia ofisa wa magereza.

Siku ya kwanza mahakamani nibebe nini?

Kitambulisho, barua ya mtendaji yenye muhuri na picha, na wadhamini wenyewe, siyo namba zao za simu. Wafike saa mbili, maana ukiitwa saa tano hakimu hamsubiri mtu aliyeko Mbalizi kwenye daladala. Beba nauli ya watu wote ya kwenda na kurudi, na chakula. Ongea Kiswahili bila wasiwasi. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Na mwache nyumbani yule ndugu anayepandisha sauti.